Namna ya kunoa kisu cha jikoni nyumbani hadi kikate nyanya bila kuiponda

Visu vingi vinavyotupwa Nairobi havijaisha. Vimekuwa butu tu, na mwenyewe ameamua kwamba chuma ni kibovu, akaenda supamaketi kununua kingine ambacho baada ya miezi michache kitamfanyia vivyo hivyo. Hata kisu cha bei ya chini chenye mpini wa plastiki kinaweza kukata sukuma wiki kwa wembamba ule ule wa mama mboga, na kikaendelea hivyo kwa miaka, ikiwa mwenyewe anajua kukirudishia makali. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi au kumi na tano, na haihitaji mashine.

Naanza na jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kunoa si kusugua mara kumi upande huu na mara kumi upande ule. Unasugua upande mmoja hadi chuma cha ukingoni kiwe chembamba kiasi cha kujikunja kidogo na kutokeza upande wa pili. Mkunjo huo ni shida kuuona kwa macho, lakini kidole kinauhisi. Ukiuhisi kuanzia karibu na mpini hadi nchani bila kukatika popote, ujue jiwe limefika ukingoni kabisa na upande huo umemaliza kazi yake. Usipouhisi, bado hujanoa, hata kama umesugua nusu saa na mkono umechoka. Hatua zote zinazofuata zinahusu mkunjo huo: kuuleta, kuuhamisha, kisha kuuondoa.

Kwa nini kisu huwa butu

Ukingo wa kisu kilichonolewa vizuri una unene wa mikroni moja hivi, yaani sehemu ya elfu ya milimita, au hata pungufu. Unywele wa mtu una kati ya mikroni 50 na 100. Chuma chembamba namna hiyo hupinda kikigonga kitu kigumu, na hulika kidogo kidogo kila kinapogusa ubao. Visu vyetu vingi ni vya chuma kisichoshika kutu, cha ukoo ule aliouanzisha Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, alipochanganya chuma na kromiamu karibu asilimia 13. Katika visu vya bei nafuu chuma hicho huachwa kikiwa laini kiasi, kwa hiyo makali hupinda kabla ya kumeguka. Kwa anayenoa nyumbani hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu chuma laini hunoleka haraka, hata kwenye kitako cha kikombe. Visu vya Kijapani vya chuma kigumu hukaa na makali muda mrefu zaidi, lakini vinataka jiwe laini na subira, na vikianguka kwenye sakafu ya saruji humeguka.

Usivumilie kisu butu ukidhani ndicho salama. Kisu butu huteleza juu ya ganda la nyanya na kutua kidoleni, tena kikiwa na nguvu zako zote nyuma yake, maana umelazimika kukandamiza. Kitunguu nacho hupondwa badala ya kukatwa. Seli zake zikipondwa hutoa kwa wingi ile gesi inayotoza machozi. Na sukuma iliyokatwa kwa kisu butu huchubuka kingo na kuanza kuwa nyeusi ikiwa bado kwenye sinia.

Kipime kwanza

Osha kisu kwa sabuni na ukikaushe. Kishike chini ya taa, makali yakikutazama, ukigeuze polepole. Makali mazuri hayarudishi mwanga, kwa sababu hakuna uso wa kutosha wa kuurudisha. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, au vidoa vidoa vya mwanga, hapo ndipo palipo butu au palipopinda. Mapengo pia utayaona hapo. Kumbuka mahali yalipo.

Halafu chukua nyanya iliyoiva. Laza makali juu ya ganda na uvute bila kukandamiza. Kisu kikiingia chenyewe, hakihitaji jiwe, pengine kupitishwa kwenye mshipi wa ngozi tu. Kikiteleza, endelea kusoma.

Vitu vya kutafuta

Jiwe la kunolea ndilo chombo bora, na maduka mengi ya hadiwea mitaani huliuza, lile la kijivu au jeusi lenye pande mbili, mmoja wa mikwaruzo mikubwa na mwingine laini. Mengi ya mawe hayo ni ya kaborandamu, yaani silikoni kabaidi, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliipatia hataza mwaka 1893, na ni ngumu kuliko chuma chochote cha kisu. Mara nyingine namba huwa zimeandikwa. Namba ikipanda, chembe zinazidi kuwa ndogo: 200 hadi 400 ni za kuondoa mapengo na kufufua kisu kilichokufa, 800 hadi 1000 ni za kunoa kwa kawaida, 3000 na kuendelea ni za kung'arisha. Ukiniuliza ununue lipi, nitakuambia 400 kwa 1000, basi. Hayo ya 6000 hayana faida kubwa kwa kisu laini cha kukatia mboga. Jiwe lisiloandikwa namba lipitishe kucha: upande laini usiuhisi kama mchanga.

Kama bajeti haiko tayari kwa jiwe, tumia msasa. Tafuta ule mweusi unaostahimili maji, ambao mafundi wa rangi za magari hutumia. Utaupata katika hadiwea nyingi na katika maduka ya rangi na vipuri kama ya Kirinyaga Road. Karatasi ya 400, ya 1000 na ya 1500 zitakunolea visu vyote vya nyumba. Na kama hata msasa haupo leo, geuza kikombe cha udongo juu chini. Ule mduara wa kitakoni usiopakwa glezi, ambao ukiugusa unakwaruza, ni kinoo tayari. Vikombe vya bati, vya plastiki na vya glasi havifai.

Mbali na hayo, uwe na kitambaa kilicholowa, maji kwenye bakuli, tone la sabuni ya vyombo, kalamu ya wino mzito, na mshipi wa ngozi halisi. Kinoleo cha kuvuta, kile chenye mdomo wa V kinachouzwa karibu na vijiko, sikipendekezi kwa kisu unachokipenda. Kinararua chuma badala ya kukisaga, na ukingo wake haudumu. Na tupa, ile faili ya chuma, iache kwa panga na jembe.

Mwinuko wa kisu

Hapa ndipo watu huogopa, na si pa kuogopa. Kisu cha kawaida cha jikoni kinanolewa kikiwa kimeinuliwa digrii 20 hivi juu ya jiwe, kila upande. Huhitaji kipimio. Laza bapa juu ya jiwe, kisha inua mgongo wa kisu kwa theluthi ya upana wa bapa lake. Bapa likiwa na upana wa sentimita 4.5, inua mgongo sentimita 1.5. Kisu kidogo cha kumenyea viazi chenye bapa la sentimita 2 kinainuliwa milimita 7, ambao ni unene wa penseli. Theluthi inakupa digrii 19 na nusu, na hiyo inatosha kabisa. Kwa kisu cha Kijapani cha chuma kigumu inua robo badala ya theluthi, upate kama digrii 15. Kwa kisu kinachogusa mifupa ya mbuzi ongeza kidogo juu ya theluthi, maana ukingo mwembamba mno hautavumilia.

Kalamu ya wino ndiyo mwalimu wako. Paka wino kwenye ukingo wa kisu pande zote mbili, ungoje ukauke, kisha pitisha kisu jiweni mara mbili tatu na uangalie. Wino ukibaki ukingoni kabisa huku umefutika juu kidogo, umelaza kisu mno. Ukifutika ukingoni peke yake na kubaki juu yake, umekiinua mno. Ukifutika wote kwa usawa, shikilia hapo hapo. Paka tena kila unapopoteza imani na mkono wako.

Cha muhimu kuliko digrii zenyewe ni kutobadilika. Kisu kilichonolewa kwa digrii 23 mwanzo hadi mwisho kitakata vizuri kuliko kile kilichocheza kati ya 15 na 30. Kwa hiyo funga kifundo cha mkono na kusogeza kufanywe na kiwiko na bega. Simama, kama meza inaruhusu. Ukikaa kwenye kigoda huku jiwe likiwa sakafuni, mkono utapinda bila wewe kujua.

Kunoa kwenye jiwe, hatua kwa hatua

Tandaza kitambaa kilicholowa kwenye meza na uweke jiwe juu yake ili lisitembee. Watoto wasiwe karibu, na simu iwe mbali, kwa sababu ukishtuka wakati huu utajikata. Anza na upande wa mikwaruzo mikubwa ikiwa kisu ni butu sana au kina mapengo, vinginevyo nenda moja kwa moja kwenye upande laini.

Lowesha jiwe. Jiwe la kaborandamu hunywa maji, hivyo liache ndani ya bakuli hadi mapovu yaishe. Siku ambazo bomba limekauka, kikombe kimoja cha maji kinatosha ukikinyunyiza kidogo kidogo, na tone la sabuni husaidia maji yasipotee haraka. Kazi ya maji ni kubeba vumbi la chuma lisizibe vitundu vya jiwe. Usitumie mafuta ya kupikia hata siku moja. Mafuta ya mimea yakikaa hewani huganda na kunata, na jiwe lililoziba hivyo husafishika kwa taabu.

Shika mpini kwa mkono wako wa kawaida. Vidole viwili au vitatu vya mkono mwingine viweke juu ya bapa, karibu na ukingo lakini visiuvuke. Inua mgongo kwa theluthi. Sukuma kisu mbele, makali yakitangulia, kana kwamba unataka kubandua ngozi nyembamba ya jiwe, huku ukikisogeza ili kuanzia karibu na mpini hadi nchani kote kupite juu ya jiwe. Rudisha nyuma bila kukandamiza. Kwa uzito wa mkono, jaribu kwanza hivi: weka pakiti ya sukari ya kilo moja kiganjani uhisi inavyokaa. Hiyo ndiyo nguvu ya mwanzo. Hutahitaji zaidi.

Ukifika pale makali yanapopinda kuelekea ncha, inua mpini kidogo unapomalizia, la sivyo ncha itaelea hewani na kubaki butu. Ncha na sehemu iliyo karibu na mpini ndizo husahaulika. Ukikagua kisu cha jirani utakuta katikati pameliwa na kubonyea, huku sehemu hizo mbili hazijaguswa.

Usihesabu. Baada ya kupitisha mara kadhaa, futa kisu na utafute mkunjo upande ambao haukugusa jiwe. Weka kidole gumba kwenye bapa na kivute kutoka mgongoni kuelekea nje, kikivuka ukingo. Kidole kisipite kamwe kwa kufuata urefu wa makali. Utahisi kitu kinakwama kidogo, mkwaruzo ambao haukuwepo. Kama unaogopa kutumia kidole, tumia pamba: nyuzi zake zitanaswa palipo na mkunjo na kuteleza pasipo nao. Pale mkunjo usipofika, rudi hapo hapo na usugue sehemu hiyo tu. Kisu butu sana huchukua muda kabla ya mkunjo kujitokeza, na mkono huanza kukushawishi kwamba inatosha. Haitoshi. Kinolewacho hupata, na mkunjo ndio dalili ya kupata.

Mkunjo ukiwa umejaa urefu wote, geuza kisu. Sugua upande wa pili kwa mwinuko ule ule hadi mkunjo uhamie ulikoanzia. Mara hii utakuja upesi zaidi. Tope la kijivu linalojaa jiweni liache wakati unasugua, ongeza tu maji, kwa kuwa chembe zilizomo husaidia kusaga.

Sasa nenda upande laini wa jiwe na urudie: upande mmoja, mkunjo, upande wa pili, mkunjo. Hapa punguza nguvu. Halafu anza kubadilisha kila mpitisho, mara moja huku, mara moja kule, ukizidi kupunguza hadi ile mipitisho michache ya mwisho ibebe uzito wa kisu peke yake. Huku ndiko kuuondoa mkunjo, na ndiko kunakotenganisha kisu kinachokata kwa wiki nyingi na kile kinachokata kwa siku mbili. Mkunjo ukibaki, kisu kitaonekana kikali sana jioni hiyo, kisha ule ukingo uliolegea utapinda kwenye kitunguu cha kwanza kigumu.

Malizia kwenye mshipi. Ufunge kwenye kitasa cha mlango na uuvute ukaze, au ulaze kwenye meza, upande wa ndani wa ngozi ukitazama juu. Vuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, upande mmoja kisha mwingine, mara chache tu. Usisukume mbele, utakata mshipi. Ngozi bandia haifanyi kazi hii vizuri. Asiye na mshipi wa ngozi atumie gazeti lililokunjwa juu ya meza au kadibodi tupu ya katoni.

Osha kisu, kikaushe, na ujaribu tena kwenye nyanya. Kipande cha gazeti kinafaa pia: kishike kwa juu na ukate kushuka. Kisu kikikwama mahali fulani kwenye gazeti, hapo pamebaki butu au pana mkunjo. Utajua pa kurudi.

Ukitumia kikombe

Weka kikombe juu chini kwenye kitambaa kilicholowa. Pitisha kidole kwenye mduara uhakikishe hauna pengo, kwa sababu pengo litamegua makali. Lowesha. Mwinuko ni theluthi ile ile, na unapitisha kisu kuanzia karibu na mpini hadi nchani kwa mwendo mmoja mrefu. Kwa kuwa mduara ni mwembamba, kisu kinagusa sehemu ndogo tu, hivyo mkono uwe mwepesi kuliko ulivyokuwa jiweni. Utaona mistari myeusi ikijichora kwenye udongo. Hicho ni chuma kinachotoka, na kitaondoka ukisugua kwa sabuni na maji.

Kikombe hakiwezi kuondoa pengo, wala kufufua kisu kilichokaa miaka mitano bila kunolewa. Lakini kwa kisu kilichonolewa vizuri mwezi jana ambacho kimeanza kuteleza kwenye nyanya, kinatosha sana, na wageni wakiwa njiani huna muda wa kuloweka jiwe.

Ukitumia msasa

Hapa kuna tofauti moja tu kubwa: unavuta, husukumi. Ukisukuma makali mbele, yatachana karatasi. Tafuta kipande cha kioo au kigae kilichobaki kwenye ujenzi, kilicho bapa kabisa, ukiloweshe na karatasi uibandike juu yake. Maji yenyewe huishikilia kwenye kioo. Vuta kisu kuelekea kwako, mgongo wa kisu ukitangulia, upande mmoja hadi mkunjo, kisha wa pili. Anza na 400, nenda 1000, malizia 1500. Karatasi huisha makali haraka, kwa hiyo sehemu iliyolainika usiing'ang'anie, sogea palipo papya.

Fundi wa baiskeli na mashine za jua kali

Mafundi wanaozunguka mitaani na baiskeli iliyofungwa gurudumu la kunolea wana kazi yao, na ninawaheshimu kwa hiyo. Panga, jembe, shoka, mkasi wa fundi cherehani, kisu kilichovunjika ncha: wapelekee hao. Gurudumu linaondoa kwa dakika mbili chuma ambacho jiwe lingekuchosha kwa saa nzima.

Tatizo la gurudumu kavu ni joto, hasa lile la umeme linalozunguka kwa kasi. Chuma cha kisu kinapata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa vipimo maalum, na kikipashwa tena ovyo ugumu huo hupotea. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya buluu, chuma hapo kimepita nyuzi joto 300 hivi na kimelainika, na hakuna jiwe litakalokirudishia ugumu. Mwombe fundi achovye kisu majini kila baada ya mipitisho michache, na simama hapo uone akifanya hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usichome kisu kwenye gesi ili ukatie jerikeni la plastiki. Tafuta chuma kingine cha kuchomea.

Gurudumu huacha mkunjo mkubwa pia. Kwa hiyo kisu kikirudi kutoka kwa fundi, kipitishe kwenye upande laini wa jiwe au kwenye kikombe, kisha mshipini, kabla ya kukitumia. Malalamiko mengi kwamba mafundi hawanoi vizuri yangeisha kwa dakika mbili hizo.

Makali yadumu

Kinachomaliza makali upesi kuliko yote ni mahali unapokatia. Sahani, sinia ya chuma, kaunta ya graniti na ubao wa kioo ni vigumu kuliko ukingo wa kisu au vinakaribia, na kila mguso unaupinda. Katia kwenye ubao wa mti au wa plastiki. Ukimaliza kukata, usikwangue mboga kwenda kwenye sufuria kwa makali, geuza kisu utumie mgongo. Mifupa ya mbuzi iachie bucha ikukatie, au tumia panga dogo.

Osha kisu kwa mkono mara tu ukimaliza, hasa baada ya ndimu au nyanya, na ukikaushe. Hata chuma kisichoshika kutu hupata madoa kikilala kwenye maji yenye chumvi. Usikitupe kwenye droo pamoja na vijiko. Kadibodi iliyokunjwa na kufungwa kwa gundi ya karatasi inatosha kuwa ala, na italinda vidole vya anayetafuta kijiko gizani umeme ukipotea.

Ile fimbo ndefu ya chuma ambayo watu wa bucha hupitishia visu vyao kabla ya kukata haisagi chuma kwa wingi. Inanyoosha ukingo uliopinda. Ukiwa nayo, mipitisho michache myepesi kila siku unapoanza kupika itafanya jiwe lihitajike mara chache. Usiipige kwa fujo na makelele. Pitisha polepole kwa mwinuko ule ule wa theluthi. Nyumba inayopika kila siku itahitaji jiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu hivi, na katikati hapo mshipi au kikombe vitabeba mzigo. Lakini nyanya ndiyo itakayokuambia, si kalenda.

Jiwe nalo huliwa katikati likabonyea, na jiwe lililobonyea halikupi mwinuko mmoja. Chora mistari ya penseli juu yake, kisha lisugue kwenye msasa wa 220 uliobandikwa kwenye kioo au kigae, na maji mengi, hadi mistari yote ifutike.

Visu viwili vinavyosumbua

Kisu cha mkate chenye meno usikipeleke kwenye jiwe kwa namna hii, utayasawazisha meno. Tazama vizuri: mara nyingi upande mmoja una meno na mwingine ni bapa. Kila bonde la jino lipitishie msasa wa 1000 uliozungushiwa kijiti chenye unene wa bonde hilo, kisha laza upande wa bapa kabisa kwenye jiwe laini na uondoe mkunjo kwa mpitisho mmoja au miwili. Ni kazi ya polepole, na bahati nzuri kisu cha mkate huihitaji mara chache sana.

Cha pili ni kile kinachokata karatasi vizuri lakini karoti inapasuka kabla hakijafika chini. Makali yake hayana kasoro. Shida iko juu ya makali, kwenye bapa, ambalo limekuwa nene baada ya kunolewa mwaka hadi mwaka na ukingo kupanda kuelekea sehemu pana. Kilaze kwenye upande mkubwa wa jiwe, mgongo ukiinuka sehemu moja tu ya sita ya upana wa bapa, na usugue pande zote mbili kwa muda mrefu. Hapa hutafuti mkunjo. Unapunguza unene. Wino wa kalamu utakuonyesha jiwe linapokula, nalo linatakiwa kula juu ya ukingo bila kuugusa. Bapa litachubuka na kupoteza mng'ao wake, hilo halina madhara. Jaribu kwenye karoti kila baada ya muda, na ikikatika bila kupasuka, rudi kwenye theluthi na unoe kama kawaida.